Mchepuko wa Huko Juu

Mama Mdogo hakuwa na imani na kipimo cha mtu yeyote. Aliamini kipande cha sabuni tu. Ukimletea maji asiyoyajua, aliyakinga kwenye kiganja cha kushoto, akasugua sabuni kwa mkono wa kulia huku akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Povu likisimama kwenye tatu, hayo ni maji. Likisimama kwenye tano, hayo ni maji ya kuoshea baiskeli. Likipita saba, aliyamwaga palepale na kukutazama kwa huruma, utadhani wewe ndiye uliyeyapika.

Alikuwa dobi. Simaanishi dobi wa mashine inayonguruma na kuzungusha nguo hadi zisahau zilikuwa za nani. Namaanisha dobi wa beseni, kamba na pasi ya mkaa, miaka thelathini katika ua uleule. Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na jina hilo yeye alilichukulia kuwa cheo. Mimi ni mtoto wa dada yake. Ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko kwenye baraza yake ya mbele, kwa hiyo nguo ikitoka uani na mshono umefumuka, inapitia kwangu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya walio hai tunaijua sisi wawili. Tunajua nani hulala na soksi, nani hufutia pua mkono wa shati, na ni mheshimiwa gani wa kamati ya mtaa ana viraka saba pale anapokalia.

Mume wake, Baba Mdogo, ni mtu mwema. Naanza na wema kwa sababu baada ya hapo sifa zinapungua. Alifuga kuku, mwewe wakala. Alifungua kibanda cha mafuta ya taa, mwezi uleule mtaa ukaletewa umeme. Alijifunza useremala, akatengeneza kiti kimoja, na hadi leo hakuna aliyethubutu kukikalia. Ndiyo maana tulishangilia sana miaka mitatu iliyopita alipopata kazi huko juu, unakotokea mto, kwenye shamba kubwa la vitunguu. Alipewa ovaroli, viatu vya mpira, funguo na filimbi, akaambiwa asimamie lango la maji. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani na kutueleza kazi hiyo kwa kirefu, lango linafunguliwaje, maji yanaelekea wapi, na sisi tukaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yetu yote yako kwenye filimbi. Laiti mmoja wetu angesikiliza, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Mto wetu ulipita hatua mia mbili kutoka uani. Hatukuutegemea kwa kunywa, maana kila nyumba ina kisima, basi tuliuona kama jirani mpole ambaye humsalimii kwa sababu yupo tu. Ulianza kupungua mwaka uleule Baba Mdogo alipopata kazi, na hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Walinyamaza vyura kwanza. Tulifurahi, tukalala vizuri. Kisha matete ya ukingoni yakakauka yakawa rangi ya majani ya chai. Mdiria, yule ndege wa buluu anayevua samaki, alikaa kwenye tawi lake wiki nzima akitazama tope, kama mtu aliyefika ofisini akakuta pamefungwa, halafu akaenda zake. Kambare walijibana kwenye vidimbwi hadi vidimbwi navyo vikaisha. Waliofaidi ni mbu. Wao walipata maji yaliyotulia wakazaana bila aibu. Baadhi ya watu walisema ni mvua, wengine wakasema ni dhambi, na kila aliyesema dhambi alikuwa anamtazama jirani yake.

Ikafika zamu ya visima. Maji ya kisima chetu yalitoka misuguo mitatu yakaenda mitano, mwaka wa pili yakafika tisa. Mwaka wa tatu Mama Mdogo alihesabu hadi kumi na nne, likatoka povu kidogo la kijivu, likalala tena. Ndani ya birika kukaota ukoko mweupe. Mashati yalirudi kwa wenyewe yana mistari ya chokaa kwapani, na taulo zikafaa kusugulia visigino. Mama Mdogo akawaambia watu kwamba maji yameingiwa na chumvi. Wakacheka, wakasema Mama Povu anatia chumvi.

Na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nalisema kwa sababu linaniuma. Siku moja nilishika blauzi iliyokakamaa hadi sindano ikakataa kupita, nikamwambia, "Mama Mdogo, au siku hizi unabana sabuni?" Alikuja akaweka mikono yake miwili juu ya cherehani yangu. Ilikuwa imepasuka katikati ya vidole kwa kusugua. Niliona aibu kubwa, nikashindwa hata kuomba radhi, nikajifanya natafuta uzi.

Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye gesti ya barabara kuu, shuka arobaini kila wiki. Jumatano moja mwenye gesti alikuja mwenyewe, kaibana shuka moja kwapani. Alituamkia kwa mkato, akaiegemeza shuka kwenye ukuta wa baraza, akarudi nyuma hatua mbili. Shuka ikasimama.

"Mama," akasema, "mgeni wangu ameniuliza kama hii ni ya kujifunika au ya kufungia mlango."

"Ni maji, baba. Maji yamebadilika."

"Mimi sikukupa maji unifulie, mama. Nilikupa shuka. Arobaini nyingine zimo kwenye mkokoteni hapo nje. Zikirudi Jumamosi zikiwa laini, tunaendelea. Zikirudi zimesimama kama hii, naenda kwa yule mwenye mashine. Tusichukiane."

Alipoondoka, shuka ilikuwa bado imesimama. Mama Mdogo aliiangusha kwa kidole kimoja. "Gesti ikienda, wote wanaifuata," akasema. "Hakuna anayempa nguo zake dobi aliyeachwa na gesti." Sikuwa nimewahi kumwona na hofu, na siku ile aliogopa.

Saa mbili baadaye ikaja barua.

Miezi miwili nyuma alikuwa amepita mtaani msichana kutoka ofisi ya maji, begi limejaa chupa, akichota sampuli kisima hadi kisima. Watu wakamwita Binti Chupa. Mama Mdogo alimkalisha, akamwonyesha kipimo chake cha sabuni, akamtajia idadi ya misuguo ya kila kisima mtaani kwa miaka mitatu, na yule binti, tofauti na wasomi wengine ninaowajua, aliandika yote. Akaahidi kuleta majibu. Sasa majibu ndiyo hayo, katika bahasha ya kaki yenye mhuri. Mama Mdogo hakuwa na miwani, kwa hiyo aliyesoma ni mimi, na lawama yote nimeikubali.

"Kuhusu kubadilika kwa ubora wa maji ya kisima chako," nikasoma kwa sauti ya redio. "Baada ya uchunguzi, tumebaini kuwa chanzo cha tatizo lako ni mchepuko ulioanzishwa huko juu miaka mitatu iliyopita."

Mama Mdogo akasogea karibu.

"Ni nini kilichoanzishwa?"

"Mchepuko, Mama Mdogo."

"Huko juu?"

"Miaka mitatu iliyopita." Nilipaswa kuishia hapo, lakini mdomo ulishashika kasi. "Mchepuko huo umekuwa ukipokea karibu kila kitu kilichokuwa kikiteremka kwako."

Hakuna lugha nyingine inayoweza kumvunjia mtu nyumba kwa neno moja namna hii. Mchepuko ni njia ya pembeni, ndivyo kamusi inavyosema. Lakini mtaani mchepuko ni yule mtu wa pembeni, wa kando ya ndoa, na mtaani kwetu kamusi haiingii. Laiti tungesikiliza hata sarufi! Barua ilisema "umekuwa", haikusema "amekuwa". Mtu ni "a", kitu ni "u", na mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Lakini mwenye wivu hasikilizi viambishi.

Utauliza, ofisi ya maji imejuaje mambo ya chumbani kwa watu? Hata mimi niliuliza. Mama Mdogo alikuwa na jibu tayari. "Hao wanapima maji, wameona kilichotiwa ndani. Huyo mwanamke amenitilia kitu kisimani, sabuni isitoe povu, nikose kazi, nifungashe nirudi kwetu, yeye ahamie hapa na ndoo zake. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nami nguo za mume wangu nimezifua mimi miaka yote!"

Lori la vitunguu hushuka likiwa limejaa na hurudi juu tupu. Alfajiri ya Alhamisi tulikuwa nyuma yake, tumekalia magunia, sisi wawili, furushi la shuka arobaini, miche minne ya sabuni, na ubao wa kufulia ambao Mama Mdogo aliushika kama rungu. Nilimuuliza shuka za nini. Akasema hawezi kuziacha nyumbani na Jumamosi inakuja. Akishamaliza kumpiga huyo mwanamke, atafua hukohuko.

Njiani nilitoa barua nikasoma ukurasa wa pili kimyamoyo. Kwenye aya ya tatu nikakutana na neno "mto". Kwenye ya nne, "mfereji". Ilieleza kwamba mto ulikuwa unapenyeza maji matamu ardhini kila siku, kidogo kidogo, na maji hayo matamu ndiyo yaliyokuwa yanakaa juu ya maji ya chumvi ya chini kabisa na kuyakandamiza. Mto ulipogeuzwa njia, hakukuwa tena na cha kuyakandamiza, nayo yakapanda hadi visimani. Palikuwa na jedwali, na pembeni ya jedwali mtu ameandika kwa kalamu: vipimo vya maabara vimeafikiana na hesabu ya misuguo ya mama.

Nikaikunja barua. Ningeweza kumwambia, sitajitetea. Lakini kwanza nilimwogopa na ule ubao. Pili, safari ilikuwa ya bure na huko juu sijawahi kufika.

Tulimkuta Baba Mdogo ameketi mbele ya kibanda cha bati, ovaroli imepigwa pasi, anamenya chungwa. Alipotuona aliruka kwa furaha.

"Mke wangu! Na mwanangu! Mbona hamkusema kama mnakuja?"

"Yuko wapi?" akasema Mama Mdogo.

"Nani?"

"Usijifanye hamnazo. Yuko wapi mchepuko?"

Nilitegemea aruke kimanga. Badala yake uso wake ukang'aa. Miaka mitatu mtu yule alikuwa anangoja mmoja wetu aulize habari za kazi yake.

"Mchepuko? Si huo hapo nyuma yako!"

Mama Mdogo akageuka na ubao juu. Hapakuwa na mtu.

"Mzuri, eeh?" Baba Mdogo akaendelea, chungwa mkononi. "Kila asubuhi kabla sijanywa chai naanza nao kwanza. Nautoa majani, naupima kina. Meneja mwenyewe anasema tangu nije umenawiri."

"Unakiri mbele ya mwanangu!"

"Nikatae kwa nini? Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Ubao ulikuwa njiani. Nikadaka mkono wake nikapiga kelele, "Mama Mdogo, ni mfereji! Mchepuko ni mfereji! Wamechepusha mto!"

Ndipo alipoutazama. Ulikuwa na upana wa mita nne, umejengwa kwa saruji, umejaa hadi mdomoni, na maji yake yalikuwa yanakwenda kimya, ya kijani, mazuri. Upande wa pili wa lango, kule mto ulikokuwa unapita zamani kuja kwetu, palikuwa na mawe makavu na mjusi mmoja anaota jua. Mama Mdogo alishuka ukingoni. Akakinga maji kiganjani, akasugua sabuni. Hakufika nne.

Alikaa chini. Nilidhani atacheka, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaanza. Alilia.

"Angekuwa mwanamke ningemfukuza," akasema. "Huu nitaufukuzaje?"

Baba Mdogo alisimama pale na ganda la chungwa mkononi, hajui alitupe wapi. "Ulikuwa unajua?" Mama Mdogo akamuuliza.

"Nilijua maji yanatoka huku yanakwenda kule. Meneja aliniambia yanayobaki ni ziada." Akayatazama yale mawe makavu. "Sikujua kwamba ziada ndio sisi."

"Basi funga."

"Ufunguo ninao, mke wangu. Ruhusa ndiyo sina."

Mama Mdogo alijifuta machozi kwa kanga, akafungua furushi. Kama maji hayaji kwa dobi, dobi amekuja kwa maji. Alifua shuka arobaini ukingoni mwa mfereji ule kwa hasira ya miaka mitatu. Povu lilimfika viwikoni. Mimi nilisuuza, Baba Mdogo akakamua, na uzio wote wa shamba ukawa mweupe kwa shuka, mtu angedhani kuna wagonjwa mia wanatarajiwa. Zilikauka laini. Alikuwa anazishika, anaziachia, anazishika tena.

Sikufikiria povu linakwenda wapi. Liliteremka na mfereji, mabonge kwa mabonge, likaingia shambani, likaziba matundu ya mipira ya kumwagilia miche, kisha likaelekea kwenye tangi la ofisi. Saa kumi jioni meneja alichemsha chai, akaikoroga, ikatoa povu. Akaongeza sukari, ikatoa povu zaidi. Alichokifanya baadaye nimesimuliwa na mpishi wa ofisi: aliipigia simu ofisi ya maji, akaripoti kwamba mtu asiyejulikana aliye juu anachafua maji ya watu walio chini, na akataka mtaalamu aje haraka.

Mtaalamu alifika Ijumaa asubuhi na begi lake. Alikuwa Binti Chupa.

Tuliitwa ofisini sote. Kulikuwa na meza ndefu, meneja upande mmoja na shati jeupe, karani pembeni na daftari la mikutano, Binti Chupa katikati anapanga chupa zake. Sisi tulikalia benchi la ukutani. Baba Mdogo alikuwa anatetemeka, benchi zima likawa linatetemeka naye.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala vibaya na tumbo lilikuwa linamsumbua. "Mama," akasema, "sina ugomvi na wewe. Lakini jambo hili ni la akili ya kawaida. Huwezi kukaa juu ukayafanya maji unavyotaka, wakati huku chini kuna watu wanayategemea!"

Mama Mdogo aliinua kichwa.

"Samahani, baba. Hebu rudia."

"Nimesema, huwezi kukaa juu ukayafanya maji unavyotaka, na huku chini kuna watu wanayategemea."

"Maneno mazuri sana hayo. Karani, mwanangu, umeyaandika?"

"Naandika, mama."

"Andika yote. Na jina la aliyesema liandike vizuri."

Karani akaandika. Kalamu ilipofika katikati ya mstari ikasimama. Akainua macho kumtazama bosi wake, akayateremsha haraka kwenye daftari. Binti Chupa alikuwa ameinamia begi, mabega yanacheka. Meneja ndiye aliyechelewa. Niliona maneno yake mwenyewe yanamrudia polepole, yanapanda shingoni, yanafika masikioni, masikio yakaiva.

"Hilo ni jambo tofauti," akasema.

"Tofauti yake ni nini, baba? Mimi nimekupa povu siku moja. Wewe umeninyima povu miaka mitatu."

Hapo Binti Chupa alitoa karatasi yake. Ilikuwa kibali cha mfereji, kile kile alichosaini meneja wa kwanza wa shamba, na kilisema waziwazi kwamba lango lina magurudumu mawili: moja la mfereji na moja la mto, na la mto lisifungwe kabisa siku yoyote. Akauliza hilo la pili lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Wote tukamgeukia msimamizi wa lango.

"Niliambiwa nisiliguse," akasema Baba Mdogo kwa sauti ndogo. "Likaota kutu. Nikadhani ni la pambo."

Meneja akakohoa. Akasema suala ni zito, linahitaji kutazamwa kwa mapana, na kwamba wiki ijayo, au mwezi ujao, itaundwa kamati ndogo itakayo...

Sikusikia kamati itafanya nini, maana benchi liliacha kutetemeka. Baba Mdogo alikuwa amesimama. Mtu huyu hajawahi kusimama mbele ya mtu mwenye meza. Alitoa funguo mfukoni, akazitazama, akasema, "Samahani mkuu, kibali kimesema siku yoyote. Na leo ni siku." Akatoka.

Tulimfuata mbio. Gurudumu lilikuwa limeshikana kabisa. Alilivuta peke yake hadi mishipa ikamtoka, ndipo dereva wa lori akaja na grisi na bomba la chuma, mpishi wa ofisi akaja, na karani naye, daftari bado kwapani. Meneja alisimama mlangoni mwa ofisi. Alifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili alimwona Binti Chupa karibu naye na kile kibali mkononi, akaufunga. Gurudumu lilipiga ukelele, likaachia. Maji yakateremkia kwenye mawe makavu, yakajaa shimo la kwanza, yakasita, yakamwagikia la pili. Mjusi alikimbia.

Nisije nikakuacha na wasiwasi: shuka arobaini zilifika kwa mwenye gesti Jumamosi kabla ya saa nne. Alijaribu kuisimamisha moja ukutani, ikamwangukia miguuni, akauliza nyingine azilete lini. Mama Mdogo alimwambia Jumatatu, atazifulia mtoni. Na Baba Mdogo hakufukuzwa. Ni vigumu kumfukuza mtu kwa kosa la kufuata kibali chako mwenyewe.

Lakini siku ile pale langoni hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Baba Mdogo alikuwa ameketi chini, mikono imechubuka, anasubiri kuambiwa kazi imeisha. Binti Chupa alikuja akachuchumaa karibu na Mama Mdogo.

"Mama, nisikudanganye," akasema. "Mto utafika kwenu kesho. Kisima hakitapona kesho. Chumvi iliyopanda inashuka taratibu sana, mvua mbili, pengine tatu. Na huenda isishuke yote."

"Na matete?"

"Mengine mizizi bado ina uhai. Mengine sijui, mama. Utahitaji uvumilivu."

Mama Mdogo alimtazama mume wake pale chini, akachana upindo wa kanga yake akaanza kumfunga kiganja.

"Binti yangu, huyu nimemsubiri abadilike miaka ishirini na sita, na leo ndiyo nimeona dalili," akasema. "Kisima kitanishinda nini?"